Siku Niliyomvua Mgombea Kofia

Hii hadithi inanianika mimi mwenyewe, sina pa kujificha. Niliwahi kuisimulia kijiweni Gungu tukisubiri abiria, wenzangu wakacheka mpaka mmoja akapitwa na abiria wake mwenyewe. Sasa nakupa na wewe, ila cheka taratibu.

Kinachonikumbusha ni mlio. Bomba ambalo halina maji ukilifungua linakohoa kwanza, halafu linapumua, halafu linatema tone moja lenye kutu, basi. Nikiusikia mlio huo kwenye ua wowote, masikio yangu yanashika moto, hasa la kushoto.

Tulikaa Katubuka, juu kidogo. Ukisimama nyuma ya choo chetu unaliona ziwa lote, bluu, maji mpaka Kongo. Ukirudi jikoni, ndoo tupu. Hiyo ndiyo Kigoma niliyokulia: maji ya kuangalia yapo, ya kunywa ukatafute. Mama yangu aliyatafuta chemchemi, chini bondeni, kabla hajaenda sokoni kuuza mawese na dagaa. Alibeba ndoo kichwani miaka mingi mpaka shingo ikakataa kugeuka. Ukimwita alikuwa anageuka mwili mzima kama lori.

Basi kulikuwa na mgombea urais mmoja, sisi watoto tulimwita Mzee wa Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kofia yake ya ukindu yenye ukingo mpana. Alipoomba kura mara ya kwanza aliahidi maji. Na haki yake apewe, mabomba yalikuja. Yakafukiwa, kila ua ukachomekewa bomba lake. Siku ya uzinduzi maji yalitoka kwa nguvu, tukaoga hadharani kama bata, mpaka kuku wa jirani wakalowa. Kesho yake bomba likaanza kukohoa. Likakohoa miaka yote iliyofuata, na sasa mzee huyo alikuwa anarudi kuomba tena.

Mama aliibandika picha yake mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, kwa ugali uliobaki. Na kila asubuhi, akitoka na ndoo tupu, aliipa maneno. Mwongo wewe. Shavu hilo linang'aa, unaoga kila siku wewe. Akirudi na ndoo imejaa anaipa mengine, marefu zaidi, maana kupanda mlima kulimpa muda wa kuyatunga. Mama Tatu, jirani yetu, yeye alikuwa wa mgombea mwingine, aliyeitwa Mhandisi. Siku moja akamuuliza Mama, si umbandue huyo mtu kama anakuudhi hivyo? Mama akageuka mwili mzima.

"Mwache," akasema. "Mwongo huyu ni wangu."

Mimi nilikuwa darasa la nne na niliona watu wazima wana matatizo ya akili. Lakini Mama alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mjomba wangu. Sisi ni Waha, na Kiha na Kirundi ni kama mtu na binamu yake, ukisikia kwa mbali huwezi kuwatenganisha. Basi mjomba alikamatwa safarini akaambiwa ni Mrundi, kama sivyo athibitishe. Akaambiwa ataje babu wa babu yake. Wewe mwenyewe hapo ulipo, mtaje babu wa babu yako. Alirudi nyumbani amekonda, hasemi Kiha mbele za watu tena, hata kumsalimia mama yake mzazi. Mzee wa Kofia alipoingia madarakani akasema redioni kwamba watu wa Kigoma ni watu wa nchi hii, wasisumbuliwe, na mjomba akaanza kusafiri bila kutetemeka. Huyo Mhandisi, naye, alinukuliwa huko mbali akisema mpakani kwetu kumejaa wageni wa kurudishwa kwao. Watu wake walisema amesingiziwa. Mama alisema hata kama amesingiziwa, mbona hajakasirika?

Kwa hiyo mmoja alituita watu akatunyima maji, na mwingine pengine angeleta maji akatufukuza tusiyanywe. Mama alikuwa katikati hapo na ndoo yake. Alichotaka ni kimoja tu: Mzee wa Kofia akija, amfikie, amwambie uso kwa uso habari ya bomba, halafu amwangalie anavyojibu. Hapo ndipo angeamua kama kura anampa au hampi. Neno hilo alilitunza kama nguo ya sikukuu. Nilimsikia akilifanyia mazoezi akichagua dagaa.

Sasa nije kwenye ujinga wangu. Babu alipofariki kule Kalinzi, watani wa ukoo walikuja msibani. Bibi mmoja wa watani akakaa juu ya jembe la kuchimbia kaburi, akasema marehemu hazikwi leo, alikuwa mchoyo, mpaka apewe kuku ndipo jembe litoke. Akamvua mjomba koti mchana kweupe akalivaa. Hakuna aliyekasirika. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja, kuku akatolewa, jembe likatoka, babu akazikwa. Mimi nikaondoka na somo moja limenikaa kichwani: mtani akishika kitu chako, lazima ukikomboe. Ni sheria.

Siku ya mkutano, Mama alivaa kitenge chake kizuri, tukawahi mpaka tukapata nafasi mbele kabisa, kwenye kamba. Jua lilikuwa linachoma, vumbi, maspika yanalia kama yanaumwa. Mzee wa Kofia akapanda jukwaani akatusalimia kwa Kiha, "Mwakeye," ambayo ni salamu ya asubuhi, na ilikuwa saa kumi jioni. Tukashangilia hivyo hivyo. Kisha akasema kabila lake na letu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo hapa amekuja kwa watani zake. Uwanja ukalipuka. Mimi nikamtazama Mama, nikaitazama ile kofia, na akili yangu ya darasa la nne ikaanza kupiga hesabu.

Alipomaliza akashuka kupeana mikono na watu kwenye kamba. Mama alikuwa ameshanyoosha mkono, nikaona midomo yake inatikisika, lile neno liko mlangoni. Mzee akainama kidogo kutufikia. Na mimi nikaruka nikamvua kofia.

Kichwani alikuwa na upara mzuri tu, sijui alichokuwa anaficha.

"Mtani," nikamwambia, nimeikumbatia kifuani, "kofia hii utaikomboa kwa maji."

Halafu yeye mwenyewe akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika tumbo, na uwanja mzima ukamfuata, wapiga picha wakarukiana. Akachukua kipaza sauti akasema huyu ndiye mtani wa kweli, nchi inahitaji watoto kama hawa. Nikajiona nimemaliza kazi. Kisha akauliza mama wa huyu ni yupi, akaelekezwa, akamsogezea Mama kipaza sauti mdomoni, bado anacheka.

"Mama, hebu mwambie mtani wangu. Maji si yalifika kwenu?"

Nilisubiri. Nilijua yale maneno yote ya mlangoni, nilikuwa nayakariri kama jedwali la kuzidisha. Nilitaka yatoke kwenye maspika yale, yafike mpaka Ujiji. Mama alitazama kipaza sauti, akatazama watu wote waliokuwa wanacheka, akatazama kichwa changu.

"Bomba lilifika, mheshimiwa," akasema.

Makofi. Mzee akampa mkono, akampungia kila mtu, akasogea kwa waliofuata. Kijana mmoja wa msafara, mabega kama kabati, akaja nyuma yangu, akachukua kofia kwa mkono mmoja na sikio langu la kushoto kwa mkono wa pili. Kofia aliivuta polepole.

Njia nzima Mama alitangulia mbele kwa hatua ndefu. Nilidhani ananionea aibu kwa kofia, nikaanza kujitetea, nikamweleza habari ya jembe na kuku. Tulipofika kwenye mteremko wa kwetu akasimama.

"Nilikuwa na neno langu moja," akasema. "Umelichukua umelifanya kichekesho. Mtu akishacheka, anajibu nini tena? Ameshajibu."

Nilijibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa na kipaza sauti. Jibu hilo lilivyopokelewa sitasimulia hapa.

Ilinichukua miaka kuelewa, na nikaelewa nikiwa mtu mzima, ndani ya kituturi, peke yangu na karatasi ya kura, sura zinanitazama na hakuna hata moja iliyonifurahisha. Yule bibi wa Kalinzi alikuwa na haki ya kukalia jembe kwa sababu akifa yeye, sisi tutakwenda kumchimbia. Utani unataka watu watakaozikana. Mzee wa Kofia hakuwa anakuja kumzika mtu Katubuka. Alichukua raha ya utani, deni lake akatuachia. Na Mama alilijua hilo pale pale, kipaza sauti kikiwa mdomoni, kwamba akisema kweli katikati ya kicheko itakuwa ni mzaha wa pili, na akikataa kabisa, kesho Mama Tatu na watu wa Mhandisi watamtembeza mtaani kama ushahidi wao. Kumtukana mwongo wako mlangoni ni jambo moja. Kuwapa wengine fimbo ya kumchapia, wakati hao wengine hujui watamfanya nini kaka yako, ni jambo lingine.

Siku ya kura Mama alichota maji kama kawaida, akaoga, akaenda. Alikaa foleni mpaka jua likawa utosini. Nilimsubiri chini ya ukuta wa shule. Akatoka na kidole kidogo kimepakwa wino, anatembea haraka kama mtu aliyegombana. Nikamkimbilia, nikamuuliza kama amempa au hakumpa.

"Nimempa," akasema. "Na mtu yeyote asithubutu kuniambia hongera."