Khalati Alipokea Simu Akasema Yeye Ni Mimi

Assalaam alaykum nyote. Nimeomba jina langu lisitajwe, na mtaa wetu pia, kwa sababu London ni kubwa lakini Wazanzibari tunajuana, na Khalati mwenyewe husoma kurasa kama hizi akisubiri basi. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza skuli mwaka huu. Naishi na Khalati, mdogo wake mama yangu, aliyenichukua Pemba nikiwa mtoto, pamoja na Bibi, mama yao, ambaye siku hizi hawezi kutembea bila kushikwa. Mama yangu yuko Pemba.

Mimi ni mtu wa haya. Simu ikilia huganda, na mtu nisiyemjua akinisemesha sauti hunikauka. Khalati ndiye mtu pekee niliyemwambia kuwa wakati mwingine nilikuwa najifungia chooni skuli ili mwalimu asinichague kusoma mbele ya wenzangu. Alinikumbatia akasema, "Hilo tutalizika hapa hapa, mimi na wewe."

Baada ya skuli nilikwenda kujiandikisha ofisi ya ajira kama mtu asiye na kazi. Ukikubaliwa unapata posho ya serikali, lakini lazima uoneshe kuwa unatafuta kazi kweli, na ukiikataa kazi bila sababu wanaisimamisha. Wakati wa kujaza maombi Khalati alikaa ubavuni kwangu. "Weka namba yangu," alisema. "Mtoto wa kike hagawi namba yake ovyo. Wakipiga nitakuita." Mimi sikuona ajabu. Kwetu hata posa hupitia kwa wakubwa, seuze simu ya kazi. Tena nilishukuru, maana nimeepushwa na kitu ninachokiogopa kuliko vyote.

Afisa wangu ni mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Nairobi, na hupenda kunichanganyia Kiswahili chake. Siku moja aliniambia chekechea moja imependa maombi yangu na watapiga simu kupanga siku ya usaili. Nilirudi nyumbani kwenye tramu natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Napenda watoto wadogo. Mbele yao sioni haya hata kidogo.

Nikamwambia Khalati. Alipiga kigelegele mpaka Bibi akauliza nani anaolewa. Kila siku nilimuuliza, "Hawajapiga?" naye hujibu, "Bado, mwanangu. Wazungu hawa hawana haraka na mtu." Jioni tukisukuma chapati alijifanya yeye ndiye mkuu wa chekechea, anavaa miwani ya Bibi, anakunja uso. "Haya binti, mtoto akilia utafanyaje?" Nikijibu kwa sauti ndogo ananirushia unga. "Sikusikii! Mkuu wa chekechea ni kiziwi!" Tulicheka sana siku hizo.

Wiki hii nilikwenda kwa afisa wangu. Hakunisalimia kwa utani. "Mtoto, leo mimi si furaha," alisema, kisha akageukia Kiingereza. Chekechea walipiga simu zamani, akanitajia na tarehe. Aliyepokea alisema yeye ndiye mimi, akataja jina langu lote, akasema hataki tena kazi hiyo kwa kuwa ana majukumu ya nyumbani. Kwa hiyo kwenye kompyuta yao mimi nimekataa kazi, na posho yangu imesimamishwa. Akanitazama. "Ni wewe uliyesema hivyo?" Nikatikisa kichwa tu kuwa si mimi. Akasema nirudi Jumatatu nieleze mwenyewe kilichotokea, na kwamba chekechea bado hawajapata mtu.

Siku hiyo waliyopiga niliikumbuka vizuri. Chapati zote zile tulizisukuma baada ya hapo. Alikuwa akinifundisha kuomba kazi ambayo ameshaikataa kwa jina langu.

Nilipofika nyumbani alikuwa anamchana Bibi nywele. Nilimuuliza. Hakukana.

"Ndiyo, nilisema. Ulitaka Bibi abaki na nani? Mimi natoka alfajiri kusafisha maofisi ya watu."

"Ungeniambia, Khalati. Tungepanga."

"Nikuambie nini? Wewe kuwasalimia wageni sebuleni ni kazi, utasimama mbele ya wazazi wa Kizungu? Ulikuwa unajificha chooni, umesahau? Mimi nimekusitiri."

Bibi alikuwa anatutazama, haelewi. Mwisho Khalati akasema, "Haya nenda kwa Mhindi wako, kamwambie khalati yako mwongo. Waje wanichukue. Bibi utamlea wewe na serikali yako."

Nilimpigia Mama. Alilia kidogo, kisha akasema, "Yeye ndiye aliyekutoa huku. Usinivunjie udugu na mdogo wangu kwa ajili ya kazi." Hakuniuliza mimi najisikiaje.

Bibi nampenda. Ningeambiwa nimsaidie ningekubali, na kazi yenyewe ni ya asubuhi tu, pengine tungepata mtu wa kukaa naye. Kinachoniuma ni kuwa siri niliyompa anifichie ndiyo aliyoitumia kunifungia mlango, na kila nikiukumbuka uso wake chini ya ile miwani nashindwa kula.

Jumatatu inakuja. Nikisema kweli, nimemwanika aliyenilea, na sijui watamfanya nini. Nikinyamaza, mimi ndiye niliyekataa kazi, na nitakuwa nimekubali kwamba yeye anaweza kusema kwa niaba yangu maisha yangu yote. Ninyi mliolelewa na khalati, na ninyi makhalati pia, msinitukane na msimtukane yeye. Niambieni tu: Jumatatu nikikaa mbele ya yule mama, nifungue mdomo niseme nini?