Siafu Walipompata Mdogo Wangu

Nikinusa uyoga mbichi sokoni Makambako, nauona msitu wa kwetu, juu kule Njombe. Siku moja nikiwa mtoto, mama alimlaza mdogo wangu mchanga kwenye kanga chini ya mti, akaniambia, "Mwangalie," akaenda kuchuma uyoga. Nikawa nawatazama mbega juu.

Ghafla panzi na mende wakanirukia miguuni, wakikimbia. Nyuma yao majani makavu yalichakarika. Mtoto akapiga yowe. Siafu walikuwa wamemjaa shingoni. Nikamnyakua, nikakimbia kwa mama huku wakiniuma mikono yote.

Mama alimbandua mtoto siafu mmoja mmoja, hata masikioni. Mtoto aliponyamaza na kushika ziwa, ndipo mama aliponivuta kifuani.

"Umemleta," alisema. "Umemleta, mwanangu."