Pumzi ya Orrin

Mkono wa Marlys Gundersen ulibaki hewani, na okestra ikapita bila yeye.

Ilikuwa Jumanne ya mazoezi katika ukumbi wa sekondari ya Port Alden, na nje theluji ya Aprili ilikuwa bado inaanguka, kama mgeni asiyejua kuaga. Walikuwa wanapitia "Mwendo wa Posta", muziki aliouandika yeye mwenyewe. Katikati yake kuna mahali ambapo basuni, lile zumari refu la mbao lenye sauti ya mzee anayewaza, hupigwa peke yake, hunyamaza kidogo, kisha huendelea, na wengine wote huingia pamoja nayo. Pale penye kimya Marlys aliinua kijiti chake cha kuongozea, akangoja. Alipokuja kukishusha, wenzake walikuwa wameshaendelea, wote kwa pamoja, wala hakuna aliyejikwaa.

Hapo ndipo alipojua. Watu hamsini hawaanzi pamoja kwa bahati. Alitazama macho yao yalikoelekea, akakuta yako kwenye upinde wa Todd Kasprzak, mpiga fidla wa kwanza, aliyeuinua kidogo tu, kama mtu anayemshika mwenzake kiwiko gizani.

Akawasimamisha. "Mmeanza lini kufanya hivi?"

Kila mtu akapata kitu cha kurekebisha kwenye ala yake.

"Tangu wiki ya pili ya mazoezi haya, bosi," alisema Verna, mpiga ngoma, kutoka nyuma kabisa. "Tulidhani huoni."

"Verna," Todd akasema taratibu.

"Ameuliza, nami nimejibu. Ulitaka nimwambie ni hali ya hewa?"

Wachache walichekea ndani ya ala zao. Marlys alitabasamu, akafungua ukurasa mwingine, akawapigisha muziki wa mtu mwingine mpaka saa ya kuondoka. Nyumbani alikaa garini kitambo kabla ya kuzima injini.

Alikuwa binti wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na muziki aliujulia kanisani, kwenye kinanda chenye vibonye viwili vilivyokufa. Alijifunza mapema kutunga nyimbo zinazoviruka vibonye hivyo. Baadaye alisoma chuo kikuu huko Madison, akawa msaidizi wa kiongozi wa okestra kubwa huko mashariki, na mara moja okestra hiyo ilipiga kazi yake. Watu walipiga makofi ya adabu. Mkosoaji mmoja aliandika kwamba muziki ule ulisikika kama nguo aliyoshonewa mtu mwingine. Wenzake walimwonea huruma. Yeye aliona yule bwana amesema kweli, akarudi nyumbani kutafuta watu wa kuwashonea kwa vipimo vyao.

Aliwapata Port Alden. Kwa miaka ishirini na kitu aliwashonea. Mpiga baragumu alipowekewa meno ya bandia, Marlys alimshushia nota zote zilizokuwa juu mno. Wapiga chelo walipobaki watatu, aliigawa sauti yao ili isikike kama ya watu wengi. Na kwa Orrin, mpeleka barua wa mji, aliyepiga basuni na ambaye pafu lake moja liliharibiwa na homa utotoni, aliandika "Mwendo wa Posta" na kuweka kimya kile katikati, apate kuvuta pumzi. Wasikilizaji walidhani ni huzuni. Walikuwa wakifuta machozi, na Orrin anavuta hewa kama samaki. Usiku wa onyesho la kwanza alimwambia Marlys, "Umenipigia hesabu mpaka mapafu. Sasa nani mwingine atanichukua?" Wakaoana mwaka uleule.

Orrin alikuwa amefariki majira mawili ya baridi yaliyopita. Kadiri alivyozeeka ndivyo pumzi ilivyomwia ngumu, na Marlys akawa anamngoja zaidi na zaidi pale penye kimya, mpaka mkono wake ukazoea. Mtu alikuwa ameondoka, na mkono bado ulikuwa unamngoja.

Ijumaa Todd alimkuta kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, ambako watu wa mji hula pamoja samaki wa kukaanga kila Ijumaa. Mchana Todd ni daktari wa meno, na ana sauti ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya kwa upole.

"Hatukutaka uaibike, Marlys."

"Kwa hiyo mkanishika mkono kama bibi anayevushwa barabara."

"Barabara ilikuwa na magari."

Akacheka bila kutaka. Todd akasogeza sahani yake pembeni. "Onyesho ni wiki ijayo. Kipande hicho kimoja tu niongoze mimi, kutoka kitini kwangu. Wewe ukae na watu, usikilize. Hakuna atakayeuliza."

"Mimi nitajiuliza."

"Na ukisimamisha mkono mbele ya ukumbi mzima? Siku moja nitachelewa kuuona. Hapo tutaanguka wote, na yule binti ataanguka wa kwanza."

Yule binti alikuwa Kalia Vang, mfamasia, aliyekalia kiti cha Orrin tangu msimu uliopita. Marlys hakuwa amemfikiria. Akaweka uma chini. "Nipe mpaka Jumanne," akasema.

Kesho yake asubuhi alimwita Kalia nyumbani. Kalia alikuja na basuni yake na bakuli la chapati nyembamba za unga wa mchele alizopewa na mama yake azilete, akakaa jikoni kwenye ukingo wa kiti.

"Pale penye kimya," Marlys alisema, "unafanya nini?"

"Namwangalia Todd." Akaona haya. "Samahani, Mwalimu."

"Nakuuliza kuhusu pumzi."

"Ninayo bado. Shuleni nilikuwa muogeleaji." Akasita. "Lakini naweza kuvuta nyingine palepale. Hainidhuru. Najua palikuwa pa nani."

"Utavuta pumzi ya mtu mwingine mpaka lini?"

Kalia akaanza kuunganisha basuni yake.

"Nipigie toka mwanzo. Pale usinyamaze. Ishike ile sauti mpaka uishiwe."

Kalia akapiga. Sauti ilifika pale ilipozoea kukatika, ikaendelea, ikapita kabati, ikapita dirisha, ikaanza kupungua polepole bila kutetemeka. Marlys alikuwa amekaa na penseli, akiandika nota za wengine chini ya sauti ile kama mshonaji anayebandika pini. Alipofika kwenye alama ya kimya alitulia. Kalia alimaliza, akashusha ala, akatazama kwingine kwa heshima. Marlys akachukua kifutio, akafuta. Akapuliza vumbi lake kutoka kwenye karatasi, na alichukua muda mrefu kulipuliza.

"Mama amesema chapati zisipoe," Kalia akasema mwishowe.

"Mama ana akili kuliko sisi."

Jumanne walijaribu. Kalia alipomaliza ule mstari mrefu, wapiga fidla wakasugua viatu sakafuni, makofi ya watu wenye mikono iliyojaa. Lakini mkono wa Marlys ulikuwa umesita tena palepale, kidogo tu, na upinde wa Todd ulikuwa umeinuka kumpokea. Wote wawili waliona.

"Bado nitaongoza," akamwambia wakifunga makasha.

"Sawa," alisema Todd.

Usiku wa onyesho ukumbi ulijaa, makoti yamelundikwa magotini. Basuni ikaanza. Marlys alimtazama Kalia usoni, si karatasi, si mahali pengine popote. Alimwona akishiba hewa, mabega yakipanda, na akampigia mapigo yule aliyekaa pale, moja baada ya jingine, kwa mapafu yake yote mawili. Sauti ikapita bila kusimama. Mkono wake nao ukapita. Upande wa kushoto, upinde wa Todd ulikuwa umelala gotini, na macho yake, na ya Verna, na ya wale wengine wote, yalikuwa kwake.

Kalia aliachia nota, amewiva uso kama nyanya. Marlys akamshukuru kwa kichwa, kisha akawageukia wapiga baragumu upesi, maana zamu yao ilikuwa imefika na walikuwa wanamngoja.