Siku Deki ya Video Ilipomrudisha Tata Wanja

Enzi zetu pale Karurumo, miaka ya tisini, televisheni ilikuwa mgeni wa heshima. Ya kwetu ilivalishwa kitambaa cha kufumwa, na kabla ya kuitazama ilibidi mmoja wetu atoke nje kuzungusha mlingoti wa aerial huku wengine wakimwelekeza dirishani. Watoto wa leo mtandao ukipotea kidogo wananuna. Sisi tulikodolea macho zile chenga, tukiamini picha iko njiani.

Tata Wanja, dada yake baba, alikuwa ameenda ng'ambo kusomea uuguzi. Barua zake baba alizisoma kwa sauti, na Cucu, nyanya yetu, alisikiliza akichambua maharagwe. Siku moja akamwambia mama jikoni, "Karatasi haina sauti. Mtoto wangu alikufa, na nyinyi mnanificha." Tangu hapo chakula kikawa hakimpiti kooni. Mama alimbembeleza, wapi.

Baba akamwandikia Wanja kumweleza. Miezi ikapita, kisha msafiri mmoja akatuletea kanda ya video kutoka kwake. Deki hatukuwa nayo. Baba aliiazima kwa mwalimu mwenzake wa Runyenjes, akaja nayo imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Jumapili baada ya kanisa Cucu akaketishwa kiti cha mbele, na majirani wakajaa hadi mlangoni.

Baba alichomeka waya wa deki pale pa aerial, akatafuta stesheni polepole mpaka Wanja akatokea, amevaa koti zito, midomo inacheza. Sauti hakuna. Spika ya televisheni ilikuwa ikikatakata tangu Pasaka, na siku hiyo ndiyo iliamua kufa.

Cucu alitazama kidogo. "Hata waliokufa wana picha," akasema, akashika fimbo ainuke.

"Maitu, ngoja kidogo," baba alimsihi mama yake. Alifungua kijitabu cha maelezo ya deki, akakifunga, akakifungua tena.

Mama ndiye aliyesema, "Kama televisheni imekataa kuongea, si tuipitishe sauti kwa radio?"

Radio yetu ya kaseti ilikuwa na spika mbili ndefu, na nyuma yake matundu mawili, jekundu na jeupe. Deki nayo ilikuwa na yake kama hayo. Nilimulika tochi nyuma ya kabati la televisheni, mama akachomeka nyaya za deki, nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Radio ikanguruma kama kinu cha posho. Baba akausukuma waya mmoja ukaingia sawasawa, mngurumo ukatulia, akairudisha kanda mwanzo.

"Maitu," sauti ikasema kwa Kiembu kutoka pande zote mbili za chumba, "nasikia umeshanizika. Sasa nikifa, nani atakuwa anakuficha ugoro?"

Cucu akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kanisani. "Ni yeye," alisema. "Hakuna mwingine mwenye ubishi huo." Kisha akaisogelea televisheni. "Wanja, umekula?"

Kanda ilirudiwa mpaka majirani wakaikariri. Jioni hiyo Cucu aliomba aongezwe chakula. Wanja mwenyewe alirudi alipomaliza masomo, na Cucu alimpokea langoni kwa miguu yake miwili.

Siku hizi binti yangu anamwona Tata Wanja kwenye simu akitafuna mkate, na hata nywele hajachana. Zamani kumwona mtu wako kulikuwa sherehe. Tulioga, tukaketi pamoja, tukangoja. Sherehe hiyo naikumbuka kwa hamu. Lakini kule kungoja kwenyewe sina hamu nako. Juzi wawili hao walibishana kwenye simu juu ya mambo yasiyo na maana mpaka chai ikapoa, na mimi nikakaa kando nikiwasikiliza, nikaona ni vizuri kwamba wanaweza kugombana kila siku.