Daktari kafurahi, Bi Zuwena haji tena

Admin, jina langu lifunike, maana hapa Nizwa Waswahili wote tunajuana. Mimi ni mzee wa miaka sabini na minane. Nimezaliwa Unguja, nikaja Oman kijana, na mke wangu nimemzika hapa. Watoto wako Maskati. Wakija Ijumaa huzungumza Kiarabu baina yao, na mimi huniuliza tu kama nimekunywa dawa.

Mwanzo wa mwaka nilikwenda kliniki kwa sababu nilikuwa nahema nikipanda ngazi za nyumba yangu mwenyewe. Daktari ni binti wa kwetu, ila kazaliwa hapahapa na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Akanipima kiuno, presha na damu, kisha akaniuliza ninakula nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba nyama na nazi nimeziacha zamani kwa ajili ya moyo. Asubuhi mkate, mchana sahani ya wali na mchuzi mwepesi, alasiri tende, kahawa na vitafunio vya jirani.

"Babu, wewe umekimbia mafuta, umejaza wanga," akasema. "Hii tumbo, hii presha, sukari juu, mafuta ya damu juu, zote zimekuja pamoja. Moyo yako inachoka."

"Mafuta yametoka wapi, mwanangu, na mimi nala chakula kikavu?"

"Ini inatengeneza. Wali mwingi, mkate mweupe, tende nyingi, zote inakuwa sukari. Ikizidi, ini inafanya mafuta. Wallahi, babu, sikutishi."

Hakunikataza kila kitu. Akaniruhusu samaki, mboga, choroko, dengu, na wali usiozidi kiganja. Nikatii, na pumzi ikaanza kurudi.

Sasa hapa ndipo palipo na taabu yangu. Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa Bi Zuwena, jina hilo nimempa mimi. Ni mke wa marehemu rafiki yangu. Tangu mumewe afariki, kila baada ya sala ya alasiri alikuwa akija na sahani iliyofunikwa: mkate wa kumimina, vitumbua, siku nyingine visheti. Tukikaa barazani, mbele ya macho ya mtaa mzima, yeye akinitazama nikila. "Kula, bwana, usijipimie kama mchumba ukweni," angesema. Kisha tungebishana nani alikaa nyumba ipi Malindi, kule Unguja, na mwalimu yupi alikuwa hodari wa bakora. Katika kutwa nzima, hiyo ndiyo saa pekee ambayo sihitaji kumfasiria mtu maneno yangu.

Siku moja nikamwambia ukweli, kwamba daktari amenipunguzia wanga.

"Na mie kanikataza chumvi," akasema. "Umesikia nimekufa?"

Nikamwomba basi alete choroko. Uso ukambadilika. "Choroko hupelekewa mgonjwa. Mie sikuja kuuguza mtu." Akafunika sahani yake, akaondoka. Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata.

Nikampigia simu. "Nije na nini?" akaniuliza, sauti yake ya chini. "Nije mikono mitupu nikae barazani kwako, watu waseme mtu mzima mie namfuata mwanamume? Nikibeba sahani najulikana nimeleta chakula." Ni kweli asemayo. Na mimi nikibeba sahani kwenda mlangoni kwake, maneno yatakuwa mabaya zaidi.

Nilimweleza mwanangu. Akacheka, "Muoe basi, khalas, yamekwisha." Sikuudhika, lakini hakunielewa. Sitafuti mke. Wala Bi Zuwena, nimjuavyo, hatafuti mume.

Wiki iliyopita daktari kanipima tena. Kiuno kimepungua, mafuta ya damu yameshuka, na amefurahi kweli. Nikarudi nyumbani nikapika choroko zangu, nikaonja, nikasema kwa sauti, "Zimepungukiwa na ndimu." Nikageuka kutazama barazani, kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Wanangu mnaosoma hapa, wengi wenu mna wazee, na labda nyinyi ndio mnaowafungia kabati la mkate. Nipeni shauri. Nimwombe Bi Zuwena arudi na sahani yake, nile mbele yake kila alasiri kama zamani, nikijua inanifanya nini? Au nibaki hivi, damu safi na baraza tupu?