Tairi la Kwenda Muyinga

Harufu ya mpira mpya ikinipata popote, hata nikipita tu mbele ya duka la vipuri, mimi husimama kwanza, ndipo nakumbuka kwa nini. Ni harufu kali, tamu kidogo, kama dawa ya hospitali. Kwangu ni harufu ya ua wetu wa Gitega wakati wa kiangazi, siku ambayo wali uliungua na hakuna mtu aliyejali.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa viatu. Aliviuza Muyinga, na pikipiki iliyompeleka huko ilikuwa kama mtu wa nne nyumbani: ililala ndani, nyuma ya mlango, na ilifunikwa vizuri kuliko mimi. Kuitunza ilikuwa kazi ya Mama. Msicheke. Mama alizaliwa Uvira, binti wa fundi wa baiskeli ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, akashika spana kabla hajashika mwiko. Vifaa vyake vilienea kwenye kopo la maziwa: spana chache na vyuma viwili bapa vya kubandulia tairi, ambavyo Babu mwenyewe alivipiga nyundo kutoka vipande vya nondo. Pampu ilikuwa ya baiskeli. Sabuni ilikuwa ileile ya kuoshea vyombo.

Miezi ile kulikuwa na jambo nyumbani ambalo halikutajwa. Baba aliaga kwenda Muyinga siku mbili, akakaa wiki. Akirudi walizungumza kwa sauti ya chini, na mimi nikiingia wananyamaza, Mama ananiuliza kama nimekula, hata kama tonge bado limo mdomoni.

Siku hiyo Baba aliingia uani asubuhi na tairi jipya begani. Lile la nyuma lilikuwa limekwisha, laini kama kipara.

"Mama Aziza, unibadilishie hii. Nataka niondoke saa sita," alisema bila kumtazama.

Kisha akaingia chumbani. Nilimwona akikunja nguo katika mfuko mkubwa. Alikunja hata kanzu ya Idi. Nikafikiri Muyinga kuna sherehe, nikanuna kwa kuwa sikualikwa.

Mama alilaza gurudumu juu ya gunia, akatoa upepo, akapanda juu ya tairi kuukuu na kulikanyaga kwa visigino mpaka likaachana na rimu. Akapaka maji ya sabuni. Akachomeka chuma kimoja, akakibana kwa goti, akachomeka cha pili, na ukingo ukatoka kidogo kidogo kama mtu anayevuliwa kiatu kinachombana. Kwa kawaida alifanya hivyo akiimba. Siku hiyo nilisikia pumzi zake tu.

Jirani yetu Mama Furaha, Mkongo kama Mama, alikuwa akianika mihogo upande wa pili wa ua. Aliiacha, akaja kusimama mikono kiunoni.

"We uko unamutengenezea njia ya kwenda kule?"

"Dada, mutoto iko hapa."

"Basi mi nasema hivi: uache hivyo hivyo. Ipasuke mu njia. Mungu ndiye anajua."

Mama hakuinua kichwa. "Pine haikunikosea kitu," alisema.

Pine ndilo tairi, kwa lugha ya kwetu. Mimi nilikubaliana naye kabisa. Tairi lilikuwa jipya, lingemkosea nini?

Aliingiza mpira wa ndani, akarudisha ukingo kwa vyuma vyake, haraka kuliko nilivyozoea. Akapiga pampu. Tairi lilijaa, likalia pa! kwenye rimu. Baba akatoka na mfuko wake.

"Iko tayari?"

Mama alikuwa amechuchumaa, akizungusha gurudumu polepole na kutazama ubavu wa tairi. Mahali fulani, upande wa mbali na Baba, mstari uliokuwa unafuata rimu ulipanda kidogo. Hata mimi niliuona. Mpira wa ndani ulikuwa umebanwa chini ya ukingo.

Ndani, wali ulianza kutoa harufu ya kuungua, na Mama, ambaye aliwahi kunichapa kwa sababu ya chungu kilichoungua, hakugeuka. Mama Furaha alikuwa amerudi kwenye mihogo yake, kipande mkononi, akitutazama. Baba akauliza tena, kwa ukali kidogo sasa. Mkono wa Mama ulikuwa umetulia juu ya mpira mweusi, kama anayempima mtoto homa.

"Bado," alisema mwishowe.

"Bado nini? Si imejaa?"

"Bado. Keti."

Akatoa upepo wote, akaanza upya. Babu alikuwa akisema: gurudumu halijui nani amelipanda, linajua nani amelifunga. Safari hii Mama alipitisha vidole ndani ya tairi lote, akaupa mpira upepo kidogo usijikunje, akamalizia ukingo kwa mikono mitupu, bila chuma, mpaka kiganja kikachubuka. Mimi nilinung'unika kwa njaa. Baba alitazama saa yake.

Alipoondoka alinishika kichwa, akanambia niwe mtoto mzuri. Mama alinawa mikono kwenye beseni muda mrefu mno, akamwaga maji, akachota mengine, akanawa tena. Baba hakurudi kuishi nasi.

Nilikuwa msichana mkubwa, nikijifunza kuendesha, siku fundi mmoja aliponieleza kinachotokea mpira uliobanwa ukipata joto kwenye miteremko ya Karuzi, njiani kwenda Muyinga, pikipiki ikiwa imebeba mzigo. Alieleza kama jambo la kawaida. Mimi nilimwomba arudie.

Baba ni mzee sasa, yuko Muyinga. Nikienda kumwona, watoto aliozaa huko na mke mwingine hunikimbilia njiani, hunipokonya mizigo, huniita dada. Wote walizaliwa baada ya siku ile. Mdogo wao ana meno ya Baba. Hunikalia mapajani na kuniuliza Mama yangu wa Gitega yukoje, maana hajawahi kumwona, nami humwambia ni mtu anayependa kazi yake imalizike vizuri.