Sauti Iliyomtaka Akae

Peninah alikuwa mpishi wa mayai katika hoteli moja ya Dubai Marina, na wageni walimpenda kwa kuwa hakumsahau mtu: huyu hali kitunguu, yule hataki kiini kiive sana. Kilichomshinda ni simu.

Tangu baba yake afariki huko Vihiga mwaka 2013, naye yuko ughaibuni, kila simu ya nyumbani aliyoikosa ilikuwa msiba. Papo hapo aliona jeneza. Asubuhi moja, mwaka mmoja baadaye, simu ilitetemeka ndani ya aproni. Akachungulia: Shem, kaka yake, alikuwa amepiga mara sita. Peninah akageuka kutafuta pa kukaa, kiwiko kikagonga kikaango, mafuta ya moto yakamwagikia mkono wake.

Kumbe Shem alikuwa amepata mtoto wa kike, akataka kumpa jina la Peninah.

Raed, mpishi mkuu, alimpeleka kliniki yeye mwenyewe. "Khalas, basi, siku nne usiguse jiko," akamwambia.

Basi akashinda mtaani Al Nahda, katika chumba alichoishi na Ummi, mwanamke wa Lamu aliyeuza mabuibui dukani. Jioni ile Ummi alipokuwa akimbadilishia bendeji, aliuliza, "Ulipoiona simu, kilikujia nini kwanza?"

"Kwamba mama amekufa."

"Na kabla ya hapo?"

Peninah alikaribia kukasirika. Lakini Ummi hakuwa akimsuta. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua mchuzi umetiwa nini. Swali likabaki na Peninah.

Kesho yake, akiwa peke yake, simu ililia kwa jirani ng'ambo ya ukuta. Hofu ikamjia vilevile. Safari hii hakuikemea wala hakuwasha televisheni. Alitulia akasikiliza yanayopita kichwani. Kabla ya jeneza kulikuwa na sauti, nayo ilisema, "Peninah, kaa chini." Ilikuwa sauti ya shangazi yake, aliyempigia siku baba alipofariki. Mwaka mzima alikuwa akiitii asijue ni ya nani. Ndiyo maana kila mara alitafuta kiti! Mshangao ukamjaa hata hofu ikakosa pa kusimama.

Jioni akampigia shangazi.

"Shangazi, siku ile ya baba, kwa nini ulipiga wewe?"

"Shem alikuwa amezirai, na mama yako hakuweza kusema. Nikaona mtoto wa ndugu yangu asije akaipata habari hii kwenye kikundi cha WhatsApp. Nilisimama nje ya wodi, nikapiga nikakata, nikapiga nikakata, mara nne. Nikawaza, angalau akae, asianguke huko ugenini bila wa kumdaka."

Peninah hakuwahi kulifikiria hilo. Kwa siri hata kwake mwenyewe, alikuwa amemchukia kidogo mwanamke huyu kwa kuwa ndiye aliyeileta habari.

"Asante, Shangazi. Sijawahi kukushukuru."

"Asante ya nini, mama," shangazi akasema, akapenga kamasi, kisha akauliza kama huko Arabuni wanapata mboga za kienyeji.

Hofu haikuhama. Ila sasa ilipobisha hodi, Peninah aliiuliza imetoka wapi, na majibu yakawa yanampendeza. Wiki moja aligundua kwamba kila Raed akikunja uso, yeye huwaza amefutwa kazi; kumbe Raed aliumwa jino. Alimsimulia Ummi uvumbuzi wake kama habari za mtaani, wakacheka mpaka chai ikapoa.

Mwaka 2015 Shem alipiga tena wakati wa kifunguakinywa, mara tano. Hofu ikabisha hodi. Peninah akaitambua, akamalizia omleti ya mgeni, akazima jiko, akatoka nje na kupiga. Mama alikuwa ameteleza shambani jana yake akavunjika mkono. Mara mama mwenyewe akaichukua simu, akaanza kuilalamikia plasta kwamba inawasha na hawezi kukamua ng'ombe. Peninah alisikia kila neno, hata jogoo aliyewika nyuma ya mama.

"Mungu ni mwema, Mama," alisema, na moyoni akawataja Ummi na shangazi. Kisha akanawa mikono akarudi ndani, kwa maana foleni ya mayai ilikuwa imefika mlangoni.